Siku Niliyokalia Mkeka wa Baba

Miaka mimi siihesabu kwa namba, naihesabu kwa chakula. Louisville ni mwaka wa siagi ya karanga. Tulipewa makopo kwa makopo, tukaipika na sombe ya majani ya mihogo, tukaipaka kwenye mkate, tukaitia kwenye uji, mwishowe wajukuu wakawa wanaikimbia kama dawa ya minyoo. Columbus ni miaka ya ndagala, dagaa wa kwetu, kwa sababu pale Morse Road unashuka basi, unaingia duka la Waafrika, unatoka na ndagala zako zinanukia kwenye mfuko, na abiria aliyekaa karibu nawe anahama kiti. Buffalo ni mwaka wa mabawa ya kuku. Kila aliyekuja kututembelea alikuja na boksi la mabawa, mekundu, yanawasha mpaka masikio, na mimi kwa heshima nilikula huku machozi yananitoka.

Basi haya ninayowaambia yalinirudia mwaka wa mabawa, theluji ya kwanza ilipoanguka, kwa sababu ya mkeka wa kufutia miguu.

Aliununua mwanangu Elia. Mkeka wa mlangoni, wa makumbi ya nazi, mgumu kama ndevu za mzee. Wageni waliingia na theluji kwenye viatu, theluji ikayeyuka, mkeka ukalowa, na harufu ikapanda. Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka chini. Harufu ya makumbi yaliyolowa, wenzangu, ni ya gunia, ni ya mbwa aliyenyeshewa, na ni ya kitu kingine nitakachokisema mbele kwa sababu kina aibu. Mimi, mwanamke wa miaka sitini, mwenye wajukuu saba, niliyevuka mipaka kwa miguu, nikauogopa mkeka.

Baba yangu alikuwa mchezaji wa kriketi.

Najua mnacheka. Mrundi na kriketi wapi na wapi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alishuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi akiwa kijana, akaenda Kigoma kutafuta kazi, akapata kazi ya kubeba mizigo reli. Makarani wa reli walikuwa Wahindi, na Jumamosi mchana walicheza kriketi kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya stesheni. Kwenye changarawe mpira unaruka ovyo, kwa hiyo walitandika mkeka mrefu wa makumbi ya nazi pale katikati, wakaupigilia misumari pembeni, wakaumwagia maji ukaze. Kazi ya kuutandika, kuupigilia na kuumwagia maji ilikuwa ya Baba. Mimi nilizaliwa hukohuko Kigoma, na kitu cha kwanza ninachokikumbuka duniani ni kushika misumari kiganjani na kumpa Baba mmoja mmoja, na ile harufu.

Siku moja karani mmoja aliugua homa, timu ikapungukiwa mtu. Wakamwambia Baba, simama kule mbali, mpira ukifika urudishe. Mpira wao ni mgumu kama jiwe, umevishwa ngozi nyekundu. Ulikuja kutoka juu, na Baba hakungoja ufike chini. Aliudaka kwa mikono mitupu. Kidole chake kimoja kilipinda siku hiyo na hakikunyooka mpaka anakufa, na alikionyesha kwa watu kama wengine wanavyoonyesha nishani. Tangu hapo Jumamosi zote walimwita. Alikuwa mweusi wa kwanza kwenye timu ile, na kwa miaka mingi alikuwa peke yake. Chai alikunywa amesimama, kwenye kikombe chake cha bati, kilichotundikwa kwenye msumari wake mbali na vikombe vyao. Kaka yangu alimwuliza kama haoni vibaya. Baba alisema, "Aliyesimama anaona uwanja mzima."

Na kweli aliuona. Aliangalia jinsi nahodha anavyowapanga watu wake: huyu karibu, yule mbali, mwingine amewekwa pale ili tu mpigaji amtazame yeye, na mpira upite upande mwingine. Mambo hayo akaja nayo nyumbani. Mama jikoni, kaka kwenye kuni, mimi mlangoni. Ukisogea kidogo unasikia sauti yake: "Simama nilipokuweka." Hakupiga, hakutukana. Neno lake lilikuwa hilohilo, na tuliliogopa kuliko fimbo.

Uhuru ulipokaribia, Baba akasema anarudi kwao. Wale Wahindi walimpa nusu ya mkeka wa zamani, uliochakaa upande mmoja. Tulisafiri nao ziwani, tumeukalia kama godoro, mpaka mji mdogo wa kando ya ziwa upande wa Burundi. Hapo akautandika uwanjani karibu na soko, akachonga kibao cha kupigia kwa mti wa mwembe, akaanza kuwafundisha vijana. Kijana alikuja kwa ajili ya mpira. Baba yake alikuja kumtafuta kijana. Akikuta watu wamekaa kwenye mkeka, naye anakaa, na akikaa anasikia maneno. Hivyo ndivyo Baba alivyoingia siasa. Hakuwa amesoma, alijua kuweka watu mahali. Wakamwita Mzee Mkeka, wakamchagua kuwa mshauri wa komine, yaani baraza la tarafa yetu. Akanunua koti na kofia. Mama alisema kofia ile ilikula mbuzi wetu wawili.

Kisha ukaja mwaka wa mihogo michungu.

Mihogo ya kwetu ya uchungu inataka kulowekwa mtoni siku tatu, ndipo uitwange. Mwaka ule hakuna aliyethubutu kuacha mihogo yake mtoni wala kuifuata. Tuliiloweka ndani, kwenye chungu, siku moja, tukaila hivyohivyo. Kichwa kinazunguka, ulimi unakufa ganzi. Watu wazima walizungumza wakitazama chini. Gari la kijani lilikuwa linakuja mchana kweupe, askari wanashuka, wanasema, "Mshauri anaitwa, maswali kidogo tu." Alikwenda wa kwanza, hakurudi. Wa pili, hakurudi. Wa tatu alikuwa jirani yetu, aliyenipa muwa kila nikimpelekea maji. Walimchukua na sabuni bado usoni, ananyoa ndevu. Wembe ulibaki kwenye jiwe. Nilipita pale siku kadhaa, nikauona wembe unashika kutu, na nikawa nakimbilia ndani kila nikisikia mlio wa gari lolote, hata lori la chumvi.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Siku hiyo jua lilikuwa utosini. Baba aliukunjua mkeka ndani ya nyumba, akajilaza ukingoni mwake, koti mwilini, akaniambia, "Vero, unaona? Nitakaa humu ndani, Mama atauviringisha. Wewe utakaa juu. Mtoto akikaa juu ya kitu, hakuna anayekitilia mashaka." Halafu akasema, "Kwanza kimbia kwa jirani ulete mtungi wa maji."

Nilikimbia. Niliporudi, mkeka ulikuwa umeviringishwa, umewekwa kando ya ukuta, mnene kama ng'ombe aliyelala. Mama alikuwa anamenya mihogo, hakunitazama. Nikapanda juu, nikakaa. Nikainama nikanong'ona, "Baba, unapumua?" Kimya. Nikajua ananyamaza kwa sababu yeye ni mwerevu. Na nawaapia, nilihisi mkeka unapumua chini ya mapaja yangu. Unapanda, unashuka.

Gari likaja.

Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa na pengo la meno ya mbele, na maneno yalimtoka na upepo. Walipekua chumba, walimwaga unga, walipiga teke kuku. Kisha yule wa pengo akasimama mbele yangu, akacheka.

"Wewe kifaranga, unaatamia nini?"

Nilishika kingo za mkeka.

"Shuka hapo."

Nilijua nikishuka watamwona. Nilijua nikisema hayupo, sauti itanisaliti. Nikasema neno lililokuja lenyewe:

"Siondoki hapa mpaka Baba mwenyewe aje."

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka tena. Alinitazama vile fundi anavyotazama gogo linaloweza kuwa na nyoka ndani. "Kumbe atakuja," akasema. "Basi tumngoje wote." Akavuta kinu, akakilaza, akakikalia, bunduki mapajani. Wakaamuru Mama awapikie.

Wenzangu, nimeona vita, nimeona kambi, nimeona kipindupindu. Sijaona kitu kirefu kama mchana ule. Walikula mihogo yetu michungu na kuitukana. Inzi walitembea usoni mwangu na sikuwafukuza, nikihofia kwamba nikitikisika, Baba atakohoa. Baba alikuwa na kikohozi cha reli, cha vumbi la makaa. Niliomba Mungu akizibe. Kivuli cha mlango kilitambaa sakafuni, kikafika kwenye kiatu cha askari, kikapanda mguu wake. Mkojo ulinibana, nikaubana, nikaubana. Ukanishinda. Ulishuka taratibu, moto, ukazama kwenye makumbi, na harufu ikapanda. Nilidhani nimemkojolea Baba usoni. Nikaogopa hilo pia, juu ya yale mengine yote.

Yule wa pengo alisikia harufu. Akainuka. "Haya, mama kuku, yai limepasuka," akasema, akanisukuma kwa goti nikaanguka. Kisha akachukua bunduki yenye kisu mbele, akaudunga mkeka. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu akaegemea kwa uzito wake wote.

Nilipiga ukelele ambao mpaka leo sauti yangu haijapona vizuri. Mnaonisikia kanisani mnajua.

Hakukutoka damu. Kulitoka vumbi. Walikata kamba, mkeka ukafunguka, na ndani kulikuwa na kibao cha kriketi, vijiti vitatu vinavyosimikwa nyuma ya mpigaji, magunia mawili, na koti la Baba lenye matundu matatu.

Baba alikuwa ameshaondoka tangu nilipokwenda kuleta mtungi. Alitokea nyuma, akapita kwenye migomba, akafika ufukweni ambako mvuvi alimngoja. Saa zote askari walipokuwa wakinitazama mimi, yeye alikuwa anapiga kasia kwenda Kigoma. Walimpiga Mama makofi, wakauburuta mkeka nje wakautia moto. Ulikuwa umelowa, ukafuka moshi tu.

Tulimfuata baada ya miezi kadhaa, kwa njia ya milimani, miguu imechanika. Tulimkuta amekaa na wanaume wenzake. Aliponiona aliniinua juu ya kichwa chake, mimi mtoto mkubwa kabisa, akawaambia, "Mwoneni huyu! Huyu ndiye mchezaji wangu bora. Nilimweka pale, wakamtazama yeye, mpira ukapita!" Wanaume wakapiga makofi. Alikuwa amekonda, na alikuwa hai, na alikuwa ananisifu mbele za watu. Mnataka mtoto afanye nini? Nilijivuna. Nilijivuna miaka hamsini.

Hadithi hiyo niliisimulia popote. Niliisimulia kambini tukingoja mgawo. Nilimsimulia Elia akiwa mdogo, akiona giza linamtisha. Nilimsimulia Neema, binti wa Elia, tukiwa tumekaa benchi kule Louisville karibu na bustani ya Iroquois, yeye akila siagi ya karanga kwa kidole. Nilisimulia pengo, kifaranga, na jibu langu, na watu walicheka palepale ninapotaka wacheke. Mkojo sikuutaja hata mara moja. Wala ukelele sikuutaja.

Sasa mtoto wa watu kama sisi Marekani ana kazi moja ambayo hakuna aliyempangia mshahara. Ndiye anayefungua mlango. Sisi wakubwa hatujui Kiingereza, kwa hiyo anayebisha hodi, wa nyumba, wa shule, wa posta, tunamtuma mtoto. Neema alianza Louisville akiwa na miaka mitano. Alikuwa anasimama pale na tumbo lake mbele kama balozi. Tulipofika Columbus ilikuwa mazoea, na Elia akawa anamwambia, "Waambie baba hayupo," akiwa amechoka kupanga maboksi kazini na hataki kusumbuliwa. Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Elia damu ya babu yake imemkaa. Columbus, nyuma ya apatimenti, aliwakuta Wanepali wanacheza kriketi kwenye maegesho ya magari. Akaenda kusimama kando, akatazama, akaingia. Akajua kupanga watu. Tulipohamia Buffalo kumfuata dada yake, hata mwaka haukuisha, watu wetu wakamchagua mwenyekiti wa jumuiya. Nilishona kitenge kipya. Nilitembea mitaa ya Lower West Side kama mama wa waziri.

Lakini mwenyekiti huyo hajui kusema hapana. Aliwaahidi watu wa makanisa mawili ukumbi mmoja, Jumamosi moja, saa ileile. Upande mmoja ni mkutano wa maombi. Upande mwingine ni harusi, na baba wa bibi harusi ni mtu wa kiwanda cha nyama, mabega kama kabati. Wiki ya harusi wakagundua. Simu ya Elia ikalia mpaka ikaisha chaji. Siku moja akatoka akakuta kioo cha gari kimepasuka. Labda ni baridi. Labda si baridi.

Ijumaa mchana tukasikia viatu kwenye ngazi. Viatu vingi. Elia alichungulia dirishani, nikaona rangi ya uso wake inabadilika. Alimshika Neema mabega, akamweka mlangoni, juu ya ule mkeka uliolowa theluji.

"Waambie baba hayupo. Wewe hawatakugusa, wewe ni mtoto. Kumbuka Bibi na wale askari, eh? Simama nilipokuweka."

Akaingia bafuni, akafunga.

Lile neno. Sikuwahi kumfundisha lile neno kama amri, nililisema tu ndani ya hadithi, likichekesha. Sasa lilikuwa limetoka kwenye kinywa cha mwanangu na sauti ya baba yangu.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. Neema ana miaka tisa. Alikuwa na soksi tu, na maji ya mkeka yalikuwa yamepanda kwenye soksi mpaka vifundoni, na vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja vinayashika makumbi. Alinigeukia. Kwa kawaida ananijibu Kiingereza, nami namjibu Kiswahili, ndivyo tunavyoishi. Siku hiyo alisema Kiswahili.

"Bibi, wakinisukuma?"

Harufu ikanipanda puani, na hapo, wenzangu, ndipo nilipoelewa, kwa kuchelewa miaka hamsini. Baba hakuniweka juu ya mkeka ili nimfiche. Aliniweka ili nionekane. Alihitaji hofu yangu iwe ya kweli, kwa sababu hofu ya kuigiza askari wanaijua. Alijua watadunga. Alijua nitaona. Alipima maisha yake na ukelele wangu, akachagua, na labda hakuwa na lingine la kuchagua, kwa sababu alikuwa na gari la kijani nyuma yake. Namsamehe. Nilimsamehe palepale nikiwa nimesimama jikoni na kitambaa cha vyombo begani. Lakini Elia ana gari la kijani gani? Ana harusi na ukumbi! Na nani aliyemfundisha kwamba mtoto akitetemeka mlangoni ni ushujaa? Ni mimi. Ni mimi niliyeifua ile hadithi mkojo wake nikaianika juani miaka yote.

Nilimvua Neema soksi, nikamwambia nenda jikoni, kuna mabawa kwenye boksi, kula yote. Nikavuta kiti cha meza, nikakiweka juu ya mkeka. Nikakaa. Nikafungua mlango nikiwa nimekaa.

Walikuwa watatu, makoti ya kiwandani, mvuke unatoka midomoni. Yule wa mabega alikuwa ameshainua ngumi kugonga tena. Aliponiona aliishusha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kwema?"

"Si kwema, Mama. Tunamtaka Mwenyekiti. Ametudhalilisha. Tunajua tutaambiwa hayupo."

Mikono niliificha chini ya kitenge. Msidhani uzee unaondoa woga. Ukizeeka unaujua tu kwa jina. Baridi iliingia ndani, wanaume wakanitazama, hawajui wapite juu yangu au warudi. Nyuma yangu kitasa cha bafuni kikalia kidogo, nikasikia mwanangu ananong'ona kwenye ufa wa mlango, "Mama, ondoka hapo mlangoni. Waambie sipo. Mama, tafadhali, ondoka hapo."

Sikugeuka. Nilisema kwa nguvu, wanaume wasikie, Elia asikie, na mtoto aliyeko jikoni asikie:

"Siondoki hapa mpaka Baba mwenyewe aje."